Kuku ambaye Baba hakumla

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Beni: Mama Hadija wa mtaa wa Ruwenzori amefariki. Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti cha jikoni nikalia mpaka kitenge kikalowa. Mume wangu akasimama mbele yangu, simu yangu mkononi, akaniuliza, "Mais huyo mama alikuwa nani kwako?" Nikaanza kutafuta neno. Mama yangu hakuwa. Shangazi hakuwa. Jirani nayo singeweza kusema, maana sisi ni watu wa Butembo. Mwishowe nikasema, "Alinifundisha kupika kuku." Akanitazama kama mtu anayejiuliza ameoa nini, na kwa kweli sikumlaumu.

Tangu siku hiyo nasikia harufu ya binzari nyembamba kila mahali. Jana jirani mmoja hapa Vulamba alitupa punje zake kwenye mafuta ya moto, mimi niko njiani na kikapu changu, nikakitua chini. Nilikuwa tena mtoto wa mtaa wa Mususa, kichwa kimejaa mambo ambayo hakuna mtu aliyetaka kunieleza.

Nyinyi mliokua wakati wetu mnajua kuku alikuwa nini. Alikuwa wa Noeli, wa mgeni, wa padri akipita. Alipikwa na mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu na mzito, ukaganda kwenye midomo ukichelewa kuipangusa, na obundu, ugali wetu wa muhogo, ikawekwa kando, kubwa, inatoa moshi. Hakuna aliyekisifu chakula kwa kusema ni chepesi. Chepesi kilikuwa chakula cha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe alikinunia.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia chumvi, sabuni na saruji za tajiri mmoja Mwislamu wa Beni, akawa anakwenda na kurudi kwenye ile barabara ambayo siku nyingine ilifungwa na mvua na siku nyingine ilifungwa na habari mbaya. Tulizoea. Akikosa kufika leo, atafika kesho kutwa. Ila mwaka ule kukosa kwake kulizidi, na akifika alikuwa ameshika tumbo. Daktari alimkataza mawese na pilipili. Mama akimpakulia, yeye anachezea chakula kwa vidole, anashukuru, anakwenda kulala.

Siku moja akasema, tena kwa furaha, bila kufikiri, "Kule Beni kuko mama moja anapika kuku nyepesi, ya Bahindi. Unakula, unalala kama mutoto."

Mama alikuwa anaosha sufuria. Akaacha kuosha, akaendelea tena. Kesho yake nilimsikia akimwambia jirani yetu kwenye ua, "Ni mambo ya bashofere. Inapita." Sikujua ni mambo gani ya madereva yanayopita. Nilidhani ni ugonjwa wa tumbo.

Likizo kubwa ilipofika, Mama akatangaza mezani, "Masika huyu ataenda na wewe Beni. Mutoto mwanamuke ajifunze kupika. Akae kwa ule mama wa kuku." Baba alishangaa, halafu akafurahi, na akafurahi kupita kiasi, alinirusha juu kama mtoto mchanga wakati mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kuchota maji. Nafikiri kila mmoja wao alikuwa na hesabu yake, na wote wawili walinitia mimi ndani ya hesabu hiyo.

Asubuhi ya safari Mama alinivuta nyuma ya jikoni. Mdogo wangu Paluku alikuwa amelala mgongoni mwake. Akanishika kidevu.

"Uangalie mikono yake. Kila kitu yenye anatia, uitie mu kichwa. Unasikia? Kama tunajua kupika ile kuku, baba yako atalala hapa."

Nilisikia. Kwa akili yangu ilikuwa wazi kabisa: Baba analala penye kuku. Tukimpata kuku, tumempata Baba.

Beni kuna joto, si kama kwetu Butembo ambako asubuhi unatoa moshi mdomoni. Kakao ilikuwa imeanikwa kando ya njia na harufu yake chachu iliingia mpaka ndani ya lori. Tulishuka Ruwenzori mbele ya nyumba iliyopakwa chokaa, na Baba akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alijua birika la maji liko wapi. Alijua mlango upi unakwama. Na watu wa pale wakamwita Yusufu! "Yusufu amefika! Yusufu, habari ya njia?" Nyumbani alikuwa Joseph, au Baba Masika. Nikafikiri Yusufu ni jina la kazi, kama lile ambalo askari hupewa jeshini, nikaamua nisiulize nisije nikaonekana mshamba.

Mama Hadija alikuwa mfupi, mnene, mwenye maneno mengi. Alikulia Kampala, kwenye ua wa Wahindi ambao mama yake aliwafulia nguo, na huko ndiko alikojifunza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kidogo, kwa sababu ya namna Mama alivyoacha kuosha sufuria. Haikuwezekana. Siku ya kwanza tu alinifumua nywele akanisuka upya, akisema ile misuko yangu ilikuwa inanivuta macho.

"Masika mama, kuja hapa karibu," aliniita jikoni. "Hapana kaa kule mbali kama mugeni. Kupika hakuangaliwe kwa mulango."

Basi nikaangalia mikono yake. Alimvua kuku ngozi yote kwa mvuto mmoja, kama unavyomvua mtoto sweta. Nikauliza, na ngozi? "Ya paka," akasema. Eh Mungu wangu! Kwetu ngozi ile tuliigombania mimi na binamu zangu mpaka tukaumana. Akamkata vipande, akamkamulia ndimu, akampaka maziwa ya mgando yaliyochanganywa na manjano, tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa, akamfunika akamwacha apumzike. Halafu kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria, kimoja tu, nilikitazama vizuri. Punje za binzari ndani, zikaanza kuruka na kusema. Kitunguu. Nyanya zikasagika. Giligilani ya unga. Kisha kuku na maziwa yake, na kifuniko juu.

"Na maji?" nikauliza.

"Maji ya nini? Kuku iko na maji yake. Ukitia maji, unamuogesha, haumupike."

Mchuzi ulitoka wa manjano, mwepesi, unapita kati ya punje za wali na kutua chini ya sahani. Nilikula nikasubiri ule uzito wa tumbo ninaoujua, haukuja. Baba alikula, akaegemea ukuta, akacheka na kila mtu. Sikuwahi kumwona hivyo kwetu, na jambo hilo lilinifurahisha na kunichoma kwa pamoja, nisijue nishike lipi.

Kuku wa nyumba ile Baba ndiye aliyewachinja. Alimgeuza kuku upande ule ule kila mara, hata kama jua lilimpiga machoni, midomo yake ikatikisika, kisha kisu kikapita haraka. Nilidhani anahesabu, kama anavyohesabu mifuko ya saruji. Wala sikulitia kichwani. Mama aliniambia niangalie mikono ya Mama Hadija. Hakuniambia niangalie ya Baba.

Likizo ilipokwisha, Mama Hadija alinifungia vikolezo kwenye kitambaa cha kichwa, kila kimoja kwenye kipande chake cha gazeti. "Hii ni ya mama yako. Umusalimie sana. Umuambie dada yake wa Beni anamusalimia." Akanibusu shavu hili na lile. Njia nzima ndani ya lori niliimba upishi ule kama katekisimu, vua ngozi, kamua ndimu, paka maziwa, binzari iruke, na Baba kwenye usukani akaitikia, "Hapana maji!"

Nyumbani nilimpa Mama kitambaa na salamu. Alikifungua, akanusa.

"Dada yangu?"

"Ndiyo. Alisema, dada yake wa Beni."

"Mimi niko na badada wawili tu, na bote bako Lubero." Akakifunga tena kitambaa, polepole. "Baba yako alikuwa analala wapi kule?"

"Ndani ya nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya kulala," nikasema, maana sikuelewa watu wengine hulala wapi.

Hakuuliza tena. Siku zile alikuwa mkali kwa sufuria na mpole kwangu, na mimi niliona afadhali ingekuwa kinyume, kwa sababu upole ule ulinitia hofu. Baba alituma habari kwamba atapita Jumapili. Mama akasema, "Jumapili tunapika."

Asubuhi, kabla ya misa, alichinja jogoo mwenyewe kwenye jiwe nyuma ya jikoni, kama alivyofanya kila Noeli tangu nimjue. Tulipotoka kanisani alimlaza Paluku, akawasha mbabula ya makaa, akakunja mikono ya blauzi, akasema, "Haya, mwalimu. Sema." Na mimi nikasema. Hebu fikirini, mimi nimesimama, Mama ameinama, mimi naamuru! Kwenye ngozi tulipigana.

"Naitupa? Ngozi yote? Aka! Mungu aliivalisha kuku, miye niko nani niivue?"

"Mama, atashikwa na tumbo."

Akaivua. Alishika kisu cha mboga akaivua kwa shida, vipande vipande, akinung'unika kwa Kinande, lugha yetu, maneno ambayo sitayaandika hapa. Mafuta alimimina kijiko kimoja, akanitazama, akarudisha nusu kwenye chupa kwa hasira. Binzari iliporuka alishtuka, kisha akainamisha uso juu ya ule moshi akakaa hivyo. "Donc, kumbe ni hii," akasema peke yake. "Ni hii tu."

Alioga, akavaa kitenge chake cha sikukuu, akajipaka mafuta mpaka kwenye visigino. Nilikuwa sijawahi kumwona mzuri hivyo siku isiyo na arusi.

Baba alifika, na mlangoni akasimama. Pua yake ilijua kabla yake. "Eh! Eh! Hii ni nini nasikia?" Alicheka, akanitazama. "Masika, ni wewe?" Nilikuwa nataka kupasuka kwa sifa. Akanawa, akakaa kwenye kiti chake. Mama akampakulia kuku kwenye sahani, na juu kabisa akaweka firigisi, maana firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto wa jana anajua. Wali ulikuwa kwenye bakuli peke yake.

Baba alipeleka mkono kwenye sahani, mkono ukasimama njiani.

"Nani alichinja?"

Mama akacheka. "Eh, baba wewe! Nani atachinja? Ni miye. Ulifikiri kuku ilijichinja?"

Baba akaurudisha mkono magotini. "Mama Masika, tumbo yangu leo..."

"Tumbo? Mais hii ndiyo kuku ya tumbo! Haina mawese. Haina pilipili. Ngozi nilitupa, Mungu anisamehe. Hata maji sikutia. Uliza mutoto."

"Naona. Ni muzuri. Wasingya, aksanti." Akaisogeza sahani mbali, kwa vidole viwili, kwa heshima. Akajichotea wali mtupu kwenye bakuli, akaanza kuula mkavu.

Nimesahau kitu! Nikaanza kukimbia ndani ya kichwa changu, ndimu ilikuwepo, manjano yalikuwepo, tangawizi tuliponda mimi mwenyewe nikashika kinu. Giligilani? Ilikuwepo. Nikafikiri labda ni kale kanusu ka kijiko alikorudisha kwenye chupa. Nilitaka kusema, Mama, ni ile nusu, lakini nilipomtazama hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anautazama ule wali mkavu, na mkono unaoula, na lile tabasamu lake likawa linaondoka kidogo kidogo.

Leo najua, na nyinyi mnaosoma mmeshajua tangu zamani. Kwetu Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Butembo nzima inajua hivyo: Mkatoliki akioza binti yake na ana wageni Waislamu, anamwita mzee wa msikitini aje kuchinja, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Mama mwenyewe alishafanya hivyo kwa arusi ya jirani, tena yeye ndiye aliyemshikia mzee kuku. Ila nani angefikiri kumwita mzee wa msikitini aje kumchinjia Joseph, mtu aliyebatizwa Lubero, mtu aliyebeba msalaba kwenye njia ya msalaba ya parokia? Pasaka ya mwaka ule hakuubeba. Alituma habari kwamba barabara imefungwa.

"Tangu lini?" Mama akauliza, taratibu kabisa.

"Tangu mbele ya Pasaka."

Nikafikiri, maskini, tumbo linamuuma tangu kabla ya Pasaka.

"Na yeye? Na ule mama?"

"Ni bibi yangu. Mbele ya mashehe."

"Donc si mambo ya bashofere."

"Hapana," Baba akasema. "Si mambo ya bashofere."

Neno bibi nililisikia, msifikiri sikulisikia. Lilipita masikioni likakosa mahali pa kukaa. Bibi wa Baba, mke wake, alikuwa amekaa hapa mbele yangu, amejipaka mafuta mpaka visigino.

Mama akanyanyuka. Nilidhani atalia, au atatupa sahani, na ningeelewa. Alitoka nje, na tukasikia kuku wanapiga kelele uani. Alirudi na yule jike wetu wa pekee aliyekuwa akitaga, amemkamata mabawa, na mkono mwingine una kisu. Akaviweka vyote viwili mbele ya Baba, kisu mezani, kuku magotini pake.

"Chinja wewe," akasema. "Geuza kwenye unataka, sema yenye unasema. Binzari ilibaki. Nitapika tena. Sitauliza kitu."

Najua sasa ile sentensi ilimgharimu nini mwanamke aliyekuwa ametoka kupokea komunyo. Wakati ule niliona tu kwamba tutakula kuku wawili siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani.

Baba alimshika kuku. Alimshika muda mrefu, kidole gumba kikipapasa manyoya ya shingo, na kuku akatulia, akafumba jicho. Kisu hakukigusa. Midomo yake ilitikisika, lakini hakuna kitu kilichotoka.

"Hapana, Mama Masika," akasema mwishoni. "Hii inataga."

Akanyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akainama, akamwachia. Kuku akajikung'uta, akakimbilia chini ya uzio. Mpaka leo sielewi. Labda hakutaka kula tena nyumbani kwetu, na hilo lilikuwa jibu lake. Labda aliona haya kumla kuku wa mwisho wa mwanamke anayemwacha. Nilimuuliza mara moja nikiwa mkubwa, akasema hakumbuki. Baada ya siku ile alikuwa anatutembelea, analeta sabuni na samaki wa chumvi, anakunywa chai ukingoni mwa kiti, anaondoka. Kula hakula tena.

Siku ile mimi nilipiga makofi. "Mama! Baba amemusamehe kuku!" Baba aliniwekea mkono kichwani, juu ya ile misuko ya Beni, akavaa viatu, akaenda kwenye lori. Tulisikia injini inawaka, gia inaingia.

Mama akakaa kwenye kiti cha Baba. Akaivuta ile sahani. Akachukua firigisi, ambayo sijawahi kumwona mwanamke wa kwetu akiitia mdomoni, akaitafuna taratibu. Halafu paja. Halafu akachukua wali, akachovya mchuzi, akala. Nilisimama kando ya meza, nimeshika ncha ya kitenge chake.

"Mama," nikasema, "nilisahau nini?"

Akatafuna, akameza, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Hapana kitu, mama. Hapana kitu hata kimoja. Iko muzuri kabisa."

Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye sahani na yeye anaendelea kula, na mimi nikafurahi sana.